Sare ya Harusi na Ukingo wa Kikwembe

Harusi ikishatangazwa kanisani huku kwetu Baraka, wilayani Fizi, mashariki mwa Kongo, swali linalozunguka kati ya akina mama, kabla hata mahari haijamalizika kuhesabiwa, ni moja: sare ni ipi? Kamati inakaa. Ndani yake yumo shangazi wa bibi harusi, mke wa mchungaji, na kwa kawaida mama mmoja au wawili wenye duka sokoni. Kipande cha mfano cha kikwembe, yaani kitenge, kinakatwa, kidogo tu, cha kushikika mkononi, kisha kinaanza kutembea nyumba kwa nyumba. Upande wa bwana harusi una kikwembe chake, upande wa bibi una chake, kwaya ina chake, na marafiki waliosoma na bibi nao watataka chao. Mwenye undugu wa pande zote mbili hununua mara mbili.

Hicho kipande cha mfano nakifahamu vizuri, na kazi kinayoifanya mkononi mwa mtu inanisumbua. Mama anayejua vitambaa haangalii maua kwanza. Anakigeuza. Waksi ya kweli ina rangi ileile mbele na nyuma. Kilichochapwa upande mmoja, tunachokiita fensi, mgongo wake umepauka. Kisha anatafuta ukingo, pale penye jina la kiwanda kwa herufi ndogo, anausogeza karibu na macho hata kama Kifaransa hakijui, kwa kuwa umbo la maandishi yale amelizoea tangu utoto. Anakisugua kati ya dole gumba na kidole cha shahada, kuona kama kuna wanga uliowekwa kudanganya unene. Mwishoni anatoa hukumu: “Mama, hii si ya holande. Hii ni ya Wachina.” Wote waliokaa pale wameelewa. Familia iliyochagua kikwembe hicho imekwisha kupangiwa daraja, na arusi yenyewe bado wiki sita.

Niseme mapema ninaposimama. Sare ni moja ya desturi nzuri kabisa tulizonazo Fizi, pwani kwenye ziwa na juu milimani hadi Bibokoboko. Inamchukua mgeni na kumfanya mwenyeji kwa siku moja. Inamkalisha mke wa mwalimu karibu na muuza dagaa, na ukiwatazama kwa mbali huwezi kusema yupi ni yupi. Huku kupimana kwa ukingo wa kitambaa kunaila desturi hiyo kutoka ndani, na tunakunyamazia kwa sababu anayeumia huona aibu kusema.

Kitambaa chenyewe kimetoka mbali. Ufundi wa nta ni wa Java, kisiwa cha Indonesia, ambako mafundi wa batiki walichora kwa nta ili rangi isipite pasipotakiwa. Waholanzi waliokuwa wakikitawala kisiwa hicho waliuiga kwa mashine, wakitumia utomvu wa mti uliochapwa pande zote mbili za kitambaa cha pamba. Utomvu ukipasuka, rangi inapenya kwenye nyufa na kuacha vile vimishipa ambavyo mama zetu huvitazama kama ushahidi. Kampuni ya Vlisco, iliyoanzishwa mwaka 1846 katika mji wa Helmond, Uholanzi, ndiyo jina ambalo macho hulitafuta kwenye ukingo. Waksi huuzwa kwa yadi sita, na hesabu hiyo ina maana yake: yadi mbili za libaya, yaani blauzi, mbili za kujifunga, mbili za juu au za kilemba. Mama aliyevaa vyote vitatu amevaa kamili.

Na majina ya maua nayo yanasema. Kuna ua moja maarufu kote Afrika ya Kati na Magharibi linaloitwa “Six Bougies”, yaani buji sita, zile za injini. Gari la buji sita lilikuwa gari la tajiri, na mwanamke aliyelivaa ua hilo alikuwa akitangaza kwamba usafiri wake si wa miguu. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba majivuno yameletwa na vijana wa leo. Yalichapwa kwenye kitambaa tangu zamani.

Lakini zamani tulikuwa na kitambaa cha katikati. Kalemie, upande huuhuu wa Ziwa Tanganyika, palikuwa na kiwanda cha Filtisaf, Kisangani kulikuwa na Sotexki, Kinshasa Utexafrica. Pamba ililimwa bonde la Ruzizi na sehemu nyingi za Kongo, tena wakati wa Wabelgiji ililimwa kwa lazima, jambo ambalo wazee hawakulisahau. Viwanda vile vilipozimika au kudhoofika, soko likabaki na ncha mbili: cha Uholanzi kinachogharimu mara kadhaa zaidi, na cha Asia chenye maua yaleyale yaliyonakiliwa. Kati ya ncha hizo mbili hakuna mahali pa mama mwenye kipato cha kati kusimama kwa heshima. Anabanwa aonekane tajiri au aonekane maskini. Sehemu kubwa ya uchungu wa sare ilianzia hapo, wala haikuanzia moyoni mwa mtu fulani mbaya.

Na wanaopenda kikwembe kizuri wana haki yao, lazima niwatetee. Kwetu kikwembe ni akiba. Mama anapopata fedha za mavuno au za likelemba, ule mchango wa zamu, haziweki benki ambayo haipo kijijini; ananunua kipande, anakikunja, anakiweka sandukuni bila kukishona. Waksi nzuri haipauki, na mtoto akiugua inauzwa kwa bei inayoeleweka. Vikwembe vimo kwenye mahari, kuna vya mama mkwe na vya shangazi, na ukileta cha ovyo utaambiwa. Oktoba 2021 Bibokoboko iliposhambuliwa na nyumba kuchomwa, watu wakashuka Baraka na kwingineko na kile walichoweza kubeba. Ng'ombe hawakunjiki. Kikwembe kinakunjika, kinafungwa kiunoni chini ya kingine, kinampita mwenye bunduki bila kuonekana. Mwenye vipande vitatu vya waksi ya kweli kiunoni amefika na kodi ya nyumba ya miezi kadhaa. Nani atamlaumu mwanamke wa namna hiyo kwa kuujua ukingo wa kitambaa?

Ninachokilaumu ni kingine. Ni pale ujuzi huo wa akiba unapogeuzwa mlango wa kuingilia sherehe.

Watu wa Fizi hatukuhitaji kufundishwa na Ulaya kwamba vazi linaweza kuwa na daraja. Wabembe na jirani zao Warega walikuwa na bwami, chama chenye ngazi, na kila ngazi ilikuwa na alama zake: kofia zenye simbi na vifungo, mikia ya tembo, mikufu, sanamu ndogo za pembe na mbao. Daniel Biebuyck, aliyeishi na Warega na Wabembe miaka ya 1950 akaandika vitabu juu yao, anaeleza jinsi mtu alivyopanda. Alihitaji mali, tena nyingi, lakini mali peke yake haikumpandisha. Alihitaji ndugu wa kuchangia, wakubwa wa kumsimamia, na mwenendo ambao walio juu waliukubali. Baadhi ya vitu vitakatifu vilitunzwa na mtu mmoja kwa niaba ya wote. Hakuwa mmiliki, alikuwa mlinzi. Wake nao walikuwa na ngazi zao pamoja na waume. Utawala wa Kibelgiji ulikiogopa chama hicho na kukipiga marufuku. Sisemi bwami ilikuwa ya kila mtu. Ilikuwa na wakubwa na wadogo, na ilipenda wakubwa wake. Nasema kofia ile haikununuliwa dukani. Ukiiona kichwani mwa mzee ulijua nyuma yake kuna ukoo mzima uliotoa mbuzi, na kuna miaka ambayo mzee yule alitazamwa. Ukingo wa waksi hauna habari hiyo. Unasema tu kwamba siku fulani kulikuwa na dola.

Mfano wa pili uko ng'ambo ya ziwa na pwani ya bahari, nao unanigusa zaidi kwa sababu ni wa watu wa kawaida waliovaa kwa furaha tu. Mwishoni mwa karne ya 19 ilizaliwa kwenye pwani ya Kenya ngoma ya beni, kwa kuziangalia bendi za kijeshi za Wazungu. Vijana walijigawa vyama, wakajipa vyeo vya mfalme, jemadari na daktari, wakashona sare, wakapiga gwaride na kushindana barabarani. Katika nchi ya Tanganyika vyama viwili vikuu viliitwa Marini na Arinoti. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya ngoma na jamii Afrika Mashariki, anaonyesha jinsi Marini kilivyojihesabu chama cha waungwana, watu wa mjini, makarani na waliosoma, na jinsi Arinoti kilivyobaki cha vibarua na watu wa bara waliodharauliwa. Vita vya 1914 hadi 1918 viliisukuma ngoma hii bara. Reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914; mwaka 1916 majeshi ya Kongo ya Kibelgiji yakachukua Kigoma na baadaye Tabora; askari na wapagazi wa pande zote wakaonana, wakaiga, wakaondoka nayo. Miaka ya 1920 beni ilikuwa imeshafika Katanga.

Kilichonishangaza nilipoisoma habari hii ni kwamba wale waliodharauliwa hawakwenda nyumbani. Waliokataliwa na Marini kwa kukosa adabu ya pwani walivaa vyao, wakajipa vyeo vyao, wakaitwa Arinoti, na chama kikawa kikubwa. Vyama hivyo vilizika wafu wao na kusaidia wagonjwa. Mpagazi asiye na ndugu Tabora, akifa, alikuwa na watu wa kumfunika. Kwa hiyo nyuma ya kofia za bandia na vyeo vya kujipa palikuwa na kazi nzito, na kazi hiyo haikuuliza kitambaa chako kimetoka wapi.

Beni ilizaa watoto. Mmoja ni kalela, ngoma ambayo mwanaanthropolojia J. Clyde Mitchell aliitazama Luanshya, kwenye migodi ya shaba ya Zambia ya leo, mwaka 1951, na kuichapisha mwaka 1956. Wachezaji wake walikuwa wafanyakazi wa kawaida. Vazi lao: suruali ya kijivu iliyopigwa pasi vizuri, fulana safi, viatu vilivyong'arishwa. Hakuna kilichozidi uwezo wa kibarua. Kati yao alitembea mwanamke mmoja aliyevaa nyeupe, mwenye cheo cha nesi. Kazi yake ilikuwa kupita kwa kila mchezaji na kioo na leso, ili mtu ajifute jasho, ajitazame, ajirekebishe, aendelee. Chama kizima kilikuwa na kioo kimoja. Sijapata kuona sheria bora ya unadhifu: chama ndicho kinachobeba jukumu kwamba kila mmoja aonekane vizuri, na kinamtuma mtu maalumu kuhakikisha hilo.

Msomaji wa Kongo atakuwa ameshajiuliza mbona siwataji masapeli wa Kinshasa na Brazzaville. Nawataja. Watu wa La Sape wamefanya uvaaji kuwa sanaa, na mwanamuziki Papa Wemba, aliyezaliwa mwaka 1949 na kufa jukwaani Abidjan Aprili 2016, aliwafungulia vijana wengi maskini wa mtaa wa Matonge, Kinshasa, mlango wa kujiona watu. Tukumbuke ilikuwa enzi ya Mobutu, serikali ilipomtaka kila mwanaume avae abakosti, lile koti la bila tai, na kuiacha suti ya Kizungu, amri iliyodumu mpaka Aprili 1990. Kijana aliyevaa suti ya Paris wakati ule alikuwa akisema neno ambalo mdomo haukuruhusiwa kulisema. Sapeli mzuri hufundisha kuoanisha rangi, kutozidisha tatu, kutembea, kuheshimu watu. Na wengi huazimana viatu na makoti bila haya. Kuazimana huko ndiko kuna roho yao. Pembeni yake kuna ibada ya jina la kiwanda, ambapo kijana analala njaa kwa jozi ya viatu na kumcheka mwenzake aliyevaa cha fundi wa mtaani. Sisi wa mashariki tumeuchukua ugonjwa huo bila kuchukua kuazimana.

Nikirudi kwetu, wanaoumizwa ni watu ninaoweza kukuonyesha. Kuna mama wa kwaya anayejua sauti zote nne, anayewafundisha wadogo, lakini siku ya arusi haonekani. Ukiuliza utaambiwa anaumwa. Haumwi; sare ya kwaya ilibadilishwa kwa mara ya tatu mwaka huo. Kuna aliyefika kutoka milimani na watoto, anayeishi kwa jamaa, ambaye jamaa hao wanamnunulia sare kisha wanamkumbusha kila wiki. Kuna msichana aliyekopa kwa mwenye duka na kukuta mwenye duka ndiye mmoja wa kamati iliyochagua kitambaa. Tarehe 8 Machi, siku ya wanawake, wasio na kikwembe cha mwaka huo husimama kando ya barabara kutazama wanawake wakiandamana kwa ajili ya wanawake.

Huko juu, upande wa Bibokoboko, mavazi yamebeba uzito mwingine tena. Ni milima ya Wanyamulenge, Wabembe na Wabuyu, ya baridi na ng'ombe, na mzee wa Kinyamulenge anajulikana kutoka ng'ambo ya bonde kwa kofia yake, koti lake na fimbo. Arusini mabinti zao huvaa mushanana, kitambaa chepesi kinachofungwa begani. Katika miaka ya vita kutambulikana kwa vazi kutoka mbali si jambo la urembo. Ndiyo maana naitaka sare ya kanisa na ya arusi ilindwe: ni vazi moja ambalo halimwambii anayekuja wewe ni wa kabila gani. Ukilifanya liseme wewe ni wa dola ngapi, umelirudisha kwenye kazi ileile ya kutenga watu, umebadilisha kipimo tu.

Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa watu waliokimbia Kivu ya Kusini, wengi wao Wabembe, imejaa kwaya. Kwaya ya wakimbizi haiachi kuimba kwa kukosa waksi. Shati jeupe na sketi nyeusi, vya mitumba, vinatosha. Asiye na sketi anaazimwa na aliyeimba ibada ya kwanza, na anaporudisha anairudisha imefuliwa. Kitambaa cha shingoni, kilichokatwa kutoka kipande kimoja kwa wote, ndicho kinachowafanya kuwa kundi. Watu waliopoteza kila kitu waligundua upesi ni kiasi gani cha nguo kinachohitajika ili watu waonekane wamoja. Ni kidogo mno.

Na kwetu Baraka kuna kamati zilizoanza kufanya vizuri. Nyingine hutangaza rangi badala ya ua: kila mtu avae buluu aliyonayo, iwe ya holande, ya Wachina, ya mtumba. Wazee hulalamika kwamba picha haitapendeza. Nyingine huruhusu mtu kununua yadi za kilemba tu, ajifunge sare kichwani na chini avae kikwembe chake cha zamani. Nyingine, nazo ninaziheshimu zaidi, huongeza kidogo kwenye bei ya wenye nacho na kununua vipande vinne au vitano ambavyo mke wa mchungaji huvipeleka mwenyewe jioni, bila kuandika jina la mtu kwenye daftari. Sharti la njia hii ni usiri. Siku jina likitoka, aliyepewa hatarudi.

Lakini hata kamati hizo zinashindwa sehemu moja, na hapo ndipo ningependa mabishano yahamie. Ni kwenye viti na sahani. Walinzi wa mlango wa ukumbi hutazama kikwembe kabla ya kukuonyesha pa kukaa: sare kamili mbele, kilemba tu katikati, wasio nayo nyuma karibu na masufuria. Wali hugawiwa kwa mpango huohuo, na nyama huwa imekwisha ikifika nyuma. Mnaweza kuchagua kitambaa cha bei rahisi kuliko vyote sokoni, na bado vijana wawili wa mlangoni wakafanya ubaguzi ambao kamati haikuutuma. Wapewe maagizo kabla, tena mbele ya watu: bibi vizee wakae mbele, wenye watoto wakae karibu na mlango, wengine wote wakae kwa kufika, na sahani zianzie nyuma.